Córdoba kwa miguu: njia ya mtu asiyetaka kiongozi

Jina la Qurtuba wengi wetu tumelisikia darsani. Ndio Córdoba ya leo, kusini mwa Uhispania. Mji wa kale ni mdogo, na nusu siku yatosha kuuzunguka mwenyewe.

Anzia ng'ambo ya kusini ya mto, penye ngome ya Calahorra. Vuka Daraja la Kirumi lenye matao 16. Mto huo, Guadalquivir, jina lake ni Kiarabu kilichobadilika matamshi: Wadi al-Kabir. Kushoto kwako utaona gurudumu la maji la Albolafia.

Mbele yako ni jengo lenyewe. Abdulrahman wa Kwanza alianza kuujenga msikiti mwaka 785, na waliomfuata wakaupanua mara tatu katika karne ya 9 na ya 10. Mfalme Fernando wa Tatu alipouteka mji mwaka 1236, ukafanywa kanisa. Mwaka 1523 kukaanza kujengwa kanisa kuu katikati ya nguzo. Zimebaki nguzo zaidi ya 800 na matao ya rangi mbili, nyekundu na nyeupe. Usiondoke bila kuiona mihrabu ya al-Hakam wa Pili, iliyonakshiwa kwa vijiwe vya dhahabu na mafundi wa Bizanti. Tazama pia mnara wa kengele: ndani yake umo mnara wa adhana.

Hapa pana jambo la kujua mapema. Muislamu haruhusiwi kuswali ndani. Misa husomwa humo, walinzi humzuia anayerukuu, na maombi ya Waislamu wa Uhispania ya kuswali humo yamekataliwa na askofu. Inauma, lakini kuzozana na mlinzi hakubadilishi kitu. Swali kabla ya kuingia. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya adhuhuri na alasiri. Kisha ingia, simama mbele ya mihrabu, uombe dua kimoyomoyo.

Ukitoka, pita kichochoro cha maua, Calleja de las Flores, halafu shika mtaa wa Mayahudi, Calle Judíos. Hapo lipo sinagogi la mwaka 1315 na sanamu ya Musa bin Maymun, tabibu na mwanachuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa mji huu. Tokea lango la Almodóvar, ufuate ukuta kushoto hadi kwa sanamu ya Ibn Rushd. Huyu alizaliwa mwaka 1126, akawa kadhi wa Córdoba, kisha uzeeni akafukuzwa mjini na vitabu vyake vikachomwa. Waliomfukuza walikuwa Waislamu wenzake. Hilo nalo tulikumbuke tunapolilia Andalusia.

Vaa viatu vya kutembelea, maana njia ni za mawe. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40. Bora Machi, Aprili au Oktoba. Ukibakiwa na siku, nenda Madinat al-Zahra, kilomita 8 hivi magharibi mwa mji.