Ukuta wa Pamoja: Utunzaji wa Nyumba za Maduka Mjini Kilosa

Kilosa ilikua kwa reli ya kati, iliyojengwa na Wajerumani kati ya 1905 na 1914, na kwa mashamba ya mkonge yaliyoizunguka. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga humo nyumba za maduka zilizopangana mstari mmoja: baraza na duka mbele, makazi na ua nyuma. Pale majirani wawili walipotumia ukuta mmoja, mfereji wa bati uliotoboka kwa mmoja ulilowesha nyumba zote mbili. Hivyo ukarabati ulitaka makubaliano kabla ya kumwita fundi.

Makubaliano hayo yalikuja kuwa magumu. Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya 1971 iliyaweka chini ya Msajili wa Majumba majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi Sh. 100,000, na yaelekea hata wenye nyumba za thamani ndogo walisita kuzigharimia. Mkonge nao ulishuka bei, na barabara kuu ya kwenda Zambia ikapita Mikumi. Kodi ya duka la Kilosa isingeweza kununua boriti mpya.

Mafuriko ya mto Mkondoa ya 2009 na 2010 yalilowesha misingi. Wengi hukimbilia lipu ya saruji, na hapo ndipo kosa lilipo: ukuta wa kale uliojengwa kwa udongo au chokaa hupumua, ilhali saruji hufungia unyevu ndani hadi lipu ibambuke. Kuibandua na kurudishia chokaa kwahitaji pande zote mbili za ukuta, yaani ruhusa ya jirani.