BENDERA NI YA NANI? Watu waliouzwa baharini wakiwa na karatasi safi

 

Wiki iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, kijana mmoja alinisubiri nje ya msikiti na karatasi mkononi. Kuna wakala amempatia kazi kwenye meli ya uvuvi ya nchi ya mbali. Mkataba wa miaka miwili, umeandikwa kwa lugha asiyoijua, na ada ya wakala ameikopa kwa shemeji yake. Nikamwuliza, meli inapeperusha bendera ya nchi gani? Hajui. Mwenye meli ni nani? Hajui. Akaniambia, "Lakini sheikh, mimi nasaini mwenyewe kwa hiari yangu. Hakuna aliyeniteka."

Neno hilo limenikosesha usingizi, kwa sababu katika bahari hii yetu watu wamewahi kuuzwa huku karatasi zao zikisema wamekubali.

Anza na Wafaransa. Mwaka 1848 walikomesha utumwa katika makoloni yao, na mashamba ya miwa ya kisiwa cha Réunion yakakosa watu. Wakabuni njia. Mtu ananunuliwa kwa mfanyabiashara pwani, anapakiwa chomboni, anaulizwa mbele ya afisa kama anakubali kufanya kazi kwa mkataba wa miaka kadhaa. Akiitikia, tayari ni "mfanyakazi huru". Ataitikiaje vingine, na aliyemnunua amesimama nyuma yake?

Mwishoni mwa 1857 Wareno walikamata meli iitwayo Charles et Georges katika maji ya Msumbiji ikiwa na Waafrika 110. Ndani alikuwemo mwakilishi rasmi wa serikali ya Kifaransa, wa kuhakikisha kwamba kila kitu ni halali! Wareno hawakudanganyika (nao pia hawakuwa malaika katika biashara hii), wakamhukumu nahodha. Mwaka uliofuata Ufaransa ikapeleka manowari mbele ya Lisbon, na Ureno ikalazimika kuirudisha meli na kulipa fidia. Hata hivyo aibu ilikuwa imeshaenea, na mwaka 1859 uandikishaji wa namna ile ukasimamishwa katika pwani ya Afrika Mashariki.

Sasa tuje kwetu. Najua hapa kuna watakaokasirika. Kila nikiitaja biashara hii baadhi yenu huniandikia kwamba ni propaganda za wamisionari. Ndugu yangu, chuki za wamisionari zilikuwepo, na Waingereza wenyewe walivusha watu Atlantiki mpaka walipopiga marufuku mwaka 1807. Lakini dhambi ya jirani haifuti ya kwako. Majahazi yalikuwa yetu, manahodha walikuwa wetu, na wengi wao walikuwa wakisali.

Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said, akibanwa na balozi wa Kiingereza John Kirk na vitisho vya manowari, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kabisa kusafirisha watumwa kwa bahari, na soko la Zanzibar likafungwa. Mkataba ulikuja wakati mbaya. Mwaka mmoja kabla, kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Karafuu ikapanda bei, na Pemba ikahitaji mikono. Kutoka bara mpaka Pemba ni safari ya usiku mmoja kwa upepo mzuri. Kwa hiyo biashara haikufa, ilijificha tu.

Ilijificha wapi? Katika orodha ya chombo. Mateka aliandikwa kuwa ni baharia, au abiria, au mtumishi wa nahodha, au mke. Afisa anapanda, anaona watu kumi na wanane ndani ya jahazi linaloendeshwa na watu wanane, anaambiwa wote ni mabaharia. Atajuaje? Na kulikuwa na waliokuwa wameibwa waziwazi. Majahazi ya kaskazini yalikuja na upepo wa kaskazi na kuondoka na kusi, na katika miezi yao bandarini watu wa mjini Zanzibar waliwafungia watoto ndani, kwa kuogopa wasije wakatoweka. Watoto wa Kiislamu, wanaibwa na watu wanaosali nao msikiti mmoja.

Waingereza walitia nanga manowari kuukuu, London, mbele ya mji wa Zanzibar kuanzia 1874, na mashua zake ndogo zikawa zinazunguka Pemba. Mabaharia wake walilipwa zawadi kwa kila jahazi la watumwa walilokamata, na mwenye akili anajua zawadi kama hiyo huzaa nini: yako majahazi yasiyo na hatia yaliyochomwa moto. Lakini wenye biashara waligundua kinga iliyo bora kuliko kukimbia, nayo ni bendera ya Ufaransa. Ufaransa haikumruhusu Mwingereza kupekua chombo chake. Tarehe 3 Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Charles Brownrigg wa London alilisogelea jahazi lililopeperusha bendera hiyo, akitaka kuhakikisha hati zake tu. Ndani mlikuwa na watumwa. Walimpiga risasi, akafa yeye na baadhi ya watu wake.

Wengi walioazima bendera hiyo walikuwa wenye majahazi wa Sur, Oman, raia wa Sultani wa Muscat, waliopewa hati katika vituo vya Wafaransa kama Obock na Mayotte. Mkutano wa Brussels wa 1890 ulijaribu kuziba mwanya huo: chombo kiwe na jina na alama zake, kiwe na orodha ya abiria, na kila baharia Mwafrika aulizwe na mamlaka kabla ya safari kama ameingia kazini kwa hiari yake. Ufaransa ikaridhia tarehe 2 Januari 1892, ila vifungu vya upekuzi ikavikataa. Ubishi juu ya majahazi ya Sur ukafika mahakama ya usuluhishi ya The Hague, na Agosti 1905 ikaamuliwa kwamba baada ya tarehe ile ya 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kumpa bendera yake raia wa Muscat, isipokuwa waliokuwa chini ya himaya yake tangu kabla ya 1863. Hesabuni wenyewe miaka kutoka 1873 mpaka 1905, yote kwa sababu ya kitambaa juu ya mlingoti.

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) hadithi ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akavunja, aliyemwuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akapata kazi yake yote asimlipe ujira. Tazama walivyopangwa pamoja. Wakala wa leo anaweza kuwa wote watatu kwa mkataba mmoja.

Turudi kwa kijana. Nilimweleza kwamba mkataba wa Palermo wa mwaka 2000 hauhesabu ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unamkataza wakala kumtoza baharia ada ya kupatiwa kazi. Baharia anagharimia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti yake tu. Lakini meli za uvuvi haziko ndani ya mkataba huo. Zina wake, namba 188 wa mwaka 2007, nao pia unakataza ada, ila nchi zilizouridhia ni chache. Ndiyo maana bendera ina maana: inakuambia ni sheria ya nani itakayokulinda ukiwa maili mia tatu kutoka nchi kavu.

Nikamwambia, "Mwanangu, rudi kwa wakala. Mwulize jina la meli, namba yake, bendera yake, mwenye kulipa mshahara, na nani atakayeshika pasipoti yako. Na ile pesa ya shemeji, mwulize ni ya nini." Akasema atanijibu Ijumaa.

Ijumaa imepita. Simu yake inaita, haipokelewi.