Kujitegemea Siku ya Dhiki

Msomaji, fedha ni kitu cha ajabu. Hailiwi wala haivaliwi, wala hapana mtu awezaye kuiezeka juu ya nyumba yake mvua isipite. Thamani yake yote ni ile imani ya kuwa atakayepewa ataipokea na kutoa kitu kwa badala yake. Imani hiyo ikiwapo, na vitu vikiwapo, mwenye shilingi mfukoni ana unga, nguo na mafuta ya taa, hata kama hana shamba wala cherehani. Vitu vikitoweka madukani, mwenye mfuko uliojaa na mwenye mfuko mtupu husimama katika safu moja, kisha wote wawili hurudi kwao na vikapu vyepesi.

Watu wa Ukambani walilipa jambo hili jina. Njaa iliyowapata mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake "nafa hali nimeshika": fedha zimo mkononi, na chakula cha kununua hakipatikani. Maneno hayo mawili yanatuuliza swali ambalo kila kizazi hupaswa kulijibu upya. Je, mtu aweza kujiweka tayari kwa siku ambayo uchumi wa nchi yake utaanguka? Na kama aweza, ajiweke tayari kwa namna gani? Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Jirani zetu wa Tanzania waliipita safari hiyo kati ya miaka ya 1973 na 1986, nasi twaweza kujifunza kwao bila ya kuwacheka, maana moto uliounguza nyumba yao uliunguza na paa letu pia.

Ni vema kuanza kwa kukumbuka kwamba Tanzania haikuwa nchi iliyolisahau neno kujitegemea. Tarehe 5 Februari 1967 chama cha TANU kilitangaza Azimio la Arusha, nalo lilisema waziwazi kuwa taifa maskini lisiweke fedha mbele kuwa ndiyo silaha yake ya kujipatia maendeleo. Ardhi, watu, siasa safi na uongozi bora ndivyo vitu vilivyotajwa kuwa msingi. Mwezi uliofuata Rais Julius Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe na shamba au karakana, na mwanafunzi asimalize masomo yake akiwa na mikono laini na dharau kwa jembe. Kwa hiyo, ikiwa kulikuwa na taifa katika Afrika lililokwisha kuonywa, ni hilo.

Hata hivyo dhiki ilikuja, nayo haikuja kwa mlango mmoja. Mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli duniani ilianza kupanda, na kufikia mwanzo wa 1974 ilikuwa imeongezeka kiasi cha mara nne. Wakati huohuo mvua zilikosekana, na serikali ikalazimika kutumia akiba yake ya fedha za kigeni kununua nafaka ng'ambo. Katika miaka hiyohiyo mamilioni ya wakulima walihamishiwa katika vijiji vipya, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu, na wengi walifika mahali ambapo udongo hawakuujua. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vilivunjwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa, na mpaka baina ya Tanzania na Kenya ukafungwa. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vita vilivyofuata vilikula fedha, malori na mafuta. Vita vilipokwisha mwaka 1979, bei ya petroli ilikuwa imepanda tena kwa sababu ya mapinduzi ya Iran.

Angalia vema, msomaji, jinsi mambo hayo yalivyofungamana. Kiwanda cha sabuni kilihitaji malighafi na vipuri kutoka nje. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni. Fedha za kigeni zilitokana na kahawa, pamba, katani na korosho. Na mkulima wa korosho alikuwa akilipwa bei ndogo, mara nyingi kwa kuchelewa. Alipoona kuwa fedha aliyopewa haimnunulii kitu, aliuacha mkorosho uote magugu. Mavuno ya korosho, yaliyofika kiasi cha tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, yalishuka hata chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Hivyo duka lilipokosa vitu shamba lilikosa mkulima, na shamba lilipokosa mkulima duka lilizidi kukosa vitu. Huko ndiko kuanguka kwa uchumi: kamba moja hukatika, nayo huvuta nyingine.

Maisha ya siku zile wazee wa Tanzania huyasimulia hata leo. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, chumvi na khanga vilikuwa vitu vya kupangiwa foleni tangu alfajiri, na mara nyingi foleni iliishia mbele ya mlango uliofungwa. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri ili petroli isiishe. Watu walifua nguo kwa majani ya mpapai. Walivaa katambuga zilizokatwa katika magurudumu makuukuu. Walikula ugali wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo kwa msaada, wakauita kwa mzaha ugali wa Yanga, kwa kuwa rangi yake ilifanana na ya timu hiyo ya mpira. Mshahara wa karani wa serikali ulimalizika katika siku chache za mwanzo wa mwezi.

Sasa tuulize: watu hao waliishije? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wao walithibitisha methali hiyo kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ilikuwa ardhi. Katika Dar es Salaam kila kipande cha udongo kilipata jembe. Mchicha ulipandwa mabondeni, mihogo na mahindi pembezoni mwa mji, na kuku na ng'ombe wa maziwa walifugwa nyuma ya nyumba za watu wenye shahada za chuo kikuu. Vijijini wakulima walipunguza mazao ya kuuza ng'ambo, wakazidisha mahindi, mihogo, ndizi na kunde. Mihogo hasa iliokoa wengi, maana huvumilia ukame, na yaweza kukaa ardhini mwaka mzima au zaidi ikimngoja mwenyewe aje kuichimba siku ya haja.

Njia ya pili ilikuwa ufundi. Aliyejua kushona alishona, aliyejua kuoka aliuza maandazi na vitumbua, aliyejua kufua bati alitengeneza vibatari na masufuria. Kazi hizo ndogo ziliitwa miradi. Wanawake wengi, ambao hapo kwanza walingoja mshahara wa mume, wakawa ndio wanaoilisha nyumba, na mshahara wa mume ukawa nyongeza tu.

Njia ya tatu ilikuwa undugu na ujirani. Gunia la mahindi lilitoka kijijini kuja mjini juu ya lori, na nguo au dawa ilitoka mjini kwenda kijijini. Familia iliyokuwa na mguu mmoja shambani na mwingine mjini ilisimama imara kuliko iliyokuwa na miguu yote miwili mahali pamoja.

Hapa inapasa kusema jambo ambalo ni zito. Wengi wa watu hao walioishi kwa jasho lao walikuwa wakivunja sheria. Mwaka 1983 serikali ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu Edward Sokoine. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo walanguzi wa kweli, walioficha bidhaa maghalani ili bei zipande, na hapana haja ya kuwaombea. Lakini mwaka uo huo ilitungwa sheria ya nguvukazi, na kwa sheria hiyo wachuuzi wadogo wa mjini walikusanywa kama wazururaji ili wapelekwe mashambani. Mama aliyeuza maandazi, ambaye kwa hakika alikuwa akijitegemea, alihesabiwa kuwa hana kazi. Na karani aliyekaa mezani akingoja mshahara usiotosha alihesabiwa kuwa mfanyakazi. Neno lililoandikwa katika Azimio lilikuwa limetimizwa mitaani, wala wenye mamlaka hawakulitambua lilipopita mbele yao.

Walilitambua baadaye. Mpaka wa Kenya ulifunguliwa tena mwezi wa Novemba 1983. Mwaka 1984 wenye fedha za kigeni waliruhusiwa kuleta bidhaa, na maduka yakaanza kupata vitu. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, patano ambalo mtangulizi wake alikuwa amelipinga kwa miaka mingi. Mwaka 1991 hata viongozi waliruhusiwa kuwa na kipato cha pili. Mapatano hayo nayo yalikuwa na uchungu wake, maana karo na malipo ya hospitali vilirudi. Lakini miradi haikuwa tena kosa.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba bustani na cherehani vilitosha kwa kila kitu. Mtu hawezi kujifulia chuma nyuma ya nyumba, wala kujitengenezea dawa ya malaria, wala kalamu na vitabu vya shule. Mgonjwa, mzee asiye na mtoto, na mpangaji asiye na kipande cha ardhi waliumia kuliko wengine, na kujitegemea kwao kulikuwa neno tupu. Tena ujuzi wa zamani wenyewe ulishindwa mahali pengine. Katika miaka hiyohiyo mdudu mgeni aliyetoka Amerika ya Kati alionekana Tabora, akaingia katika maghala na kuyageuza mahindi na mihogo mikavu kuwa vumbi. Wakulima walimwita dumuzi. Mwaka 1983 alikuwa amekwisha kuvuka na kufika kwetu Taveta. Babu zetu walihifadhi mahindi katika magunzi, na kwa fukusi wa zamani ilifaa. Kwa dumuzi ilikuwa kumwandalia karamu. Wataalamu walipochunguza tabia zake walifundisha kupukuchua mahindi yakikauka na kuyachanganya na dawa kabla ya kuyaweka ghalani. Hivyo ghala la mkulima liliokolewa na maabara, na wa maabara walikula kutoka katika ghala la mkulima.

Nasi wa Kenya tulikuwa wapi? Mwaka 1984 mvua zilitukosa, tukala mahindi ya njano kama wao. Tofauti ilikuwa kwamba njia zetu za biashara zilikuwa wazi zaidi, na serikali iliweza kununua na kugawa chakula mapema. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini si ya milele. Taifa linaloagiza petroli, mbolea na ngano kutoka ng'ambo lina kamba zake nyingi zilizofungwa katika miti ya watu wengine. Mwaka 2022, vita vilipozuka kati ya Urusi na Ukraine, mkulima wa Trans Nzoia ambaye pengine hakupata kuiona nchi yo yote kati ya hizo mbili alikuta mbolea imekuwa ghali mno.

Basi, msomaji, ukiulizwa namna ya kujiandaa, usijibu kwa haraka kwamba ni kujaza stoo mchele na kufunga mlango. Aliyefunga mlango katika Tanzania ya 1983 alikuwa na chakula cha miezi mitatu, na dhiki ilidumu zaidi ya miaka kumi. Jiandae kwa vitu visivyokwisha upesi. Jifunze kulima hata kama unakusudia kuwa mwanasheria, maana shahada haikumzuia mhadhiri wa Dar es Salaam kuhitaji kuku. Jifunze ufundi mmoja wa mikono hata ukawa na thamani kwa jirani yako. Ihifadhi mbegu, nawe ujue sababu ya kuihifadhi hivyo, ili atakapokuja mdudu mwingine uweze kubadili njia. Weka akiba, kwani akiba haiozi. Lakini usiweke yote kwa namna moja, wala yote mahali pamoja. Juu ya hayo yote, usikate undugu na watu wa kwenu kwa sababu umepata mshahara mjini.

Na ikitokea siku moja ukapewa madaraka juu ya wenzako, kumbuka mama wa maandazi. Wakati wa dhiki taifa hulishwa na maelfu ya mikono ambayo haimo katika daftari lo lote la serikali. Kabla ya kuitia mikono hiyo pingu, kiongozi na aulize kwanza ni nani atakayekula jioni kwa kazi yake.