Ndege Isiyo na Kinga

Mwaka 2023, lilipotoka agizo kwamba wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka, kaka mmoja jirani yetu alifunga duka lake Lilongwe, akaja na magodoro mawili, masufuria na laptop kuukuu. Ndani yake mlikuwa na gemu la mwaka 1994 linaloitwa TIE Fighter. Jioni, umeme ukiwepo, vijana wa mtaa walijazana kulicheza. Mimi nilikaa nyuma yao nikiwatafsiria maandishi ya Kiingereza. Ndiyo maana nikaanza kuitafuta historia yake.

Waliolitengeneza ni Lawrence Holland na Edward Kilham, kwa ajili ya LucasArts, wakati huo kampuni ya George Lucas, aliyeanzisha filamu za Star Wars. Filamu ya kwanza ilitoka 1977, na mapigano yake ya angani yalipangwa kwa kutazama picha za ndege za Vita vya Pili vya Dunia. Holland naye alikuwa ameshatengeneza magemu ya ndege za vita hivyo. Mwaka 1993 wawili hao walitoa X-Wing, ambamo unarusha ndege ya waasi, yaani wale ambao filamu inawapenda. Mwaka uliofuata wakamhamishia mchezaji upande wa pili: sasa wewe ni rubani wa Himaya, wale wabaya.

Lakini gemu halikwambii kwamba wewe ni mbaya. Kabla ya kila safari afisa anakueleza kazi, na unaambiwa mnaleta amani na utaratibu. Kuna mahali panaitwa Sepan, watu wa pande mbili wanapigana, Ripoblus na Dimok. Himaya inaingia katikati na ndege zake eti kuwatuliza. Hapo vijana walicheka. Mmoja wao, mtoto wa Uvira, akasema, "Hii tulishaiona."

Kitabu kidogo kilichokuja na gemu kinasimulia habari za rubani mwenyewe, Maarek Stele. Ni kijana wa nchi iliyokuwa vitani na jirani yake. Himaya ikaja, ikavizima vita, ikamchukua. Akaanza kama fundi, baadaye akapewa ndege.

Ile ndege ya kwanza haina kinga. Ndege za waasi zinazungukwa na kinga inayozuia risasi, yako haina. Ukipigwa kidogo tu, umekwisha. Kinga utaipata mbele, kwenye ndege nyingine, kama utafika huko.

Siku hiyo kaka mwenye laptop alikuwa amesimama mlangoni.

"Hiyo ndege haina kinga?"

"Haina, kaka."

"Basi huyo ni kadogo," akasema, akatoka nje.

Wadogo zangu waliozaliwa hapa Malawi hawakuelewa. Kadogo ni jina tulilowapa watoto waliobebeshwa silaha na jeshi la AFDL la Laurent-Désiré Kabila, lililoanza vita mashariki mwa Kongo mwezi wa kumi 1996 na kuingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Walikuwa maelfu. Wengine walitekwa, wengine walijiunga wenyewe kwa njaa au kwa kiu ya kisasi. Makundi yaliyofuata nayo yaliendelea na mtindo ule ule. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa: Thomas Lubanga wa Ituri alipatikana na hatia ya kuandikisha watoto chini ya miaka 15 na kuwapeleka vitani. Alifungwa miaka 14.

Baada ya wiki kadhaa kaka aliniita. Alikuwa na miaka 12 mwaka ule wa 1996. Alinieleza mengine, nayo yatabaki kwangu. Aliniruhusu kuandika jambo moja: kila akikaa mbele ya mtu mwenye fomu na kuulizwa kama aliwahi kubeba silaha, hujibu hapana, kwa kuogopa kwamba ndiyo itamfungia mlango.

Kwenu nyinyi mnaoshika zile fomu: Kanuni za Paris za mwaka 2007 zinasema mtoto aliyetumiwa na jeshi atazamwe kwanza kama mwathirika, hata kama anatuhumiwa makosa. Watu wetu wengi hawajawahi kuelezwa hivyo. Waelezeni kabla ya kuuliza swali, na kwa lugha wanayoielewa.

Vijana bado wanacheza. Juzi mmoja alifika kwenye ndege yenye kinga, nyumba nzima ikapiga kelele. Kaka alikuja kuangalia. Safari hii alivuta kiti akakaa.