Mkono wa Mgeni Una Bei Gani?

Vijana wenzangu, mwaka jana kijana wa kwetu hapa makazini, Uganda, alikatwa vidole viwili na mkanda wa mashine ya kusaga mahindi. Bosi alimkimbiza hospitali, akalipa dawa za siku ya kwanza, akampa hela kidogo ya chakula na kumwambia pole. Basi, ikaishia hapo. Kijana mwenyewe alishukuru. Tulipomuuliza mbona hadai fidia, alijibu, "Mimi ni mkimbizi, nitadai kwa sheria gani?"

Swali lake lina jibu, na jibu lenyewe lina historia ndefu. Hebu tuanzie Ulaya, maana huko ndiko wageni wa kwanza walipigania jambo hili.

Zamani, mfanyakazi aliyeumia kiwandani alikuwa na njia moja tu: aende mahakamani athibitishe kwamba kosa lilikuwa la tajiri. Fikiria mchimba makaa ya mawe. Mkono hana, wakili hana, na mashahidi wake wote wanakula mshahara wa tajiri huyohuyo. Wengi walishindwa, na wengi zaidi hawakujaribu. Ujerumani ilibadilisha mambo mwaka 1884 kwa bima ya ajali kazini iliyolipiwa na waajiri. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1897, na Ufaransa tarehe 9 Aprili 1898.

Wazo la sheria hizo ni rahisi. Mashine inayomletea tajiri faida ndiyo inayoleta hatari. Kwa hiyo gharama ya ajali iwe sehemu ya gharama za kazi, kama vile mafuta na vipuri. Mfanyakazi haulizwi tena kosa ni la nani. Na yeye anakubali kupokea kiasi kilichopangwa na sheria, hata kama mahakama pengine ingempa zaidi.

Mpaka hapo ni habari njema. Lakini kifungu cha 3 cha sheria ya Ufaransa kilikuwa na neno kwa wageni. Mgeni aliyeumia, akiondoka Ufaransa, alikatiwa malipo yake ya kila mwaka na kupewa malipo ya miaka mitatu tu kwa mkupuo. Akifa kazini, na familia yake wakati wa ajali haiishi Ufaransa, familia haikupata kitu.

Wageni wengi wakati huo walikuwa Waitaliano, watu wa kazi ngumu. Hawakupendwa. Mwaka 1893, katika mashamba ya chumvi ya Aigues-Mortes, kundi la watu liliwavamia na kuua angalau wanane. Walisemwa maneno ambayo sisi tunayajua vizuri: wanachukua kazi zetu, wanashusha mishahara. Sasa piga hesabu ya kile kifungu. Kama kifo cha mwenyeji kinamgharimu bosi, na kifo cha mgeni aliyeacha mke na watoto kwao hakimgharimu kitu, bosi atamtuma nani mahali pa hatari? Kumbe kumnyima mgeni haki kulimuumiza hata mwenyeji, kwa sababu mgeni alikuwa rahisi kuajiriwa kuliko yeye.

Hiyo hesabu serikali nazo ziliiona. Tarehe 15 Aprili 1904 Ufaransa na Italia zilitia saini mkataba wa kazi mjini Roma. Italia iliahidi kuimarisha ukaguzi wa viwanda vyake, na wafanyakazi wake wakafunguliwa njia ya kupata haki Ufaransa. Mapatano ya mwaka 1906 yakaweka usawa katika fidia ya ajali. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipoanzishwa mwaka 1919, wazo hilo lilipanuka. Mwaka 1925 likapitishwa kuwa Mkataba namba 19: nchi iliyoukubali itamlipa raia wa nchi nyingine iliyoukubali sawa na raia wake mwenyewe.

Umeona tundu lililobaki? Haki ilifuata uraia. Je, mtu asiye na nchi ya kumsemea? Miaka ile Ulaya ilijaa Warusi na Waarmenia waliopoteza uraia wao. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1933 uliwapa walioumia kazini nafasi sawa na wageni waliopendelewa zaidi, ila nchi chache tu ziliukubali. Ndipo ukaja Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kifungu cha 24 kinasema mkimbizi anayeishi nchini kihalali atendewe sawa na raia katika mambo ya kuumia kazini na magonjwa yatokanayo na kazi. Tena kinaongeza kwamba mkimbizi akifa kazini, fidia haipotei kwa sababu eti ndugu zake wako nchi nyingine. Lile lililomuumiza mjane wa Kiitaliano, hapo likazibwa. Itifaki ya 1967 ikatufikisha hata sisi wa Afrika, na Uganda ikajiunga mwaka 1976.

Kwa hapa Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kutafuta kazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri alipe hata kama mfanyakazi alizembea. Kwa kifo, au kulemaa kabisa maisha yote, hesabu ni mshahara wa miezi 60. Kupoteza vidole kuna kiwango chake. Kazi ya kupatana kwa mdomo nayo ni kazi mbele ya sheria. Ila muda usiuchezee: mjulishe mwajiri ndani ya mwezi mmoja, kwa maandishi ukiweza, kisha mwone afisa kazi wa wilaya. Weka tarehe, picha, karatasi za hospitali, na majina ya waliokuwepo.

Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika, tunawashukuru kwa msaada. Lakini kijana akija na bandeji, msimwandikie tu barua ya hospitali. Muulizeni aliumia wapi, siku gani, akimfanyia nani kazi. Msaada hutolewa kwa huruma, na huruma huweza kuisha. Fidia ni deni.

Kijana wetu tulimsindikiza kwa afisa kazi. Jibu bado hatujapata. Kabla ya kuingia ofisini alisita mlangoni, akauliza kama kweli jambo hili linamhusu. Tukamwambia lilianza kumhusu kabla babu yake hajazaliwa. Akaingia.