Njia ya Chemchemi Haikuota Majani

Agosti mwaka jana nilirudi kijijini kwetu, katika ukanda ulio kati ya Nachingwea na Ruangwa, kuhani msiba. Siku ya tatu, watu walipokwisha kutawanyika, niliteremka bondeni kuitazama chemchemi tuliyokulia. Niliikuta imezungushiwa seng'enge, lango lina kufuli, na chini ya mkwaju ameketi mlinzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hapa siku hizi hapachezewi."

Nje ya uzio walikuwapo vijana sita au saba wenye taulo mabegani. Nao hawakuwa wamepewa taarifa. Jioni nilimuuliza kiongozi mmoja aliyeshiriki mradi ule, ambaye sitamtaja wala sitaitaja taasisi yake, kwa nini hawakuachiwa watu hata sehemu ya chini ya mkondo. Alinijibu kwa upole kabisa: "Kwenye andiko la mradi hapakuwa na watu wanaokuja kupumzika. Palikuwa na kaya, lita na pampu."

Jibu hilo limenisumbua kwa mwaka mzima, kwa sababu lilikuwa la kweli. Katika andiko hatukuwapo. Makala haya yanajaribu kueleza ilikuwaje tukakosekana, na hasara yake ni nini.

Ninaposema Namungo, msomaji wa mbali atakumbuka timu ya mpira iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Simba. Msomaji wa karibu atakumbuka machimbo. Mimi ninamaanisha nchi yenyewe: ardhi ya Wamwera na majirani zao, yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu ambapo mito mingi hubaki michanga mitupu. Katika nchi ya namna hii chemchemi isiyokauka ina uzito mkubwa. Maji ya mvua huzama katika miinuko yenye mchanga na mawe laini, husafiri polepole chini ya ardhi, kisha hutokeza mguuni pa mwinuko. Ndiyo maana juu ya uwanda wa Makonde maji yalikuwa haba, na wanawake walitembea saa nyingi kuteremka mabondeni kuyafuata. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, alipita kusini na kuandika habari za safari hizo za maji.

Watu wa kusini hawakuyafuata maji kwa ajili ya kiu pekee. Mwaka 1904 na 1905 makundi ya watu yalisafiri hadi Ngarambe, karibu na Rufiji, kwa Kinjikitile Ngwale, kuyapokea maji waliyoamini yangewalinda. Serikali ya Kijerumani, iliyojua kuwahesabu watu hao kwa kodi, haikutaka kuelewa walichokuwa wakikifuata. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, na kabla ya mwezi ule kwisha vita vilikuwa vimefika bonde la Lukuledi na misheni ya Nyangao imechomwa. Sisemi kwamba Ngarambe palikuwa mahali pa mapumziko. Ninasema kwamba dola iliyoona watu wakitembea mbali kuelekea majini, isijiulize sababu, ilikosa habari iliyo muhimu kuliko zote ilizokuwa nazo kwenye daftari.

Dola iliyofuata ilikuja na daftari kubwa zaidi. Mwaka 1946 Uingereza ilituma ujumbe wa wataalamu ulioongozwa na John Wakefield kuchunguza uwezekano wa kulima karanga. Walikaa takribani wiki 9, sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka angani, wakapendekeza ekari 3,210,000 zigawanywe katika mashamba 107. Kati ya hayo, 55 yalipangwa katika Jimbo la Kusini, na Nachingwea ikawa makao yake. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikalazwa, matrekta yakashushwa. Januari 1951 mradi ulifutwa, na hasara iliyoandikwa ilikuwa takribani pauni milioni 36. Sababu za anguko ni nyingi: mashine zisizofaa, udongo mgumu, mvua isiyotabirika, haraka ya wanasiasa. Lakini yote yalitoka katika mzizi mmoja: ardhi ilipimwa na watu wasiowauliza waliokuwa wakiishi juu yake wanaitumia vipi.

Sasa tazama mwaka 1947, wakati mashine za karanga zinaanza kunguruma Tanganyika. Mwezi Juni mwaka huohuo, mchumi wa Kimarekani aitwaye Harold Hotelling aliandika barua fupi kwa idara ya hifadhi za taifa ya nchi yake. Idara ilikuwa imeuliza: tutajuaje thamani ya hifadhi ambayo mtu huingia karibu bure? Hotelling akajibu kwa wazo jepesi. Mahali pa kupumzikia hapana bei langoni, lakini kila mgeni amekwisha kulipa njiani: nauli, muda, uchovu. Chora miduara kuizunguka hifadhi, hesabu wanaotoka katika kila mduara na gharama ya safari yao, nawe utaona watu wako tayari kutoa kiasi gani. Anayetoka mbali hulipa sana. Anayetoka karibu hupata raha ileile kwa gharama ndogo, na tofauti hiyo ndiyo faida yake. Marion Clawson aliliendeleza wazo hilo mwaka 1959, na leo linafundishwa katika vyuo vya uchumi duniani kote.

Wanafunzi wangu hupenda tufanye hesabu ubaoni, na hapa nitaifanya kwa namba za mfano tu, si takwimu za mahali popote. Tuseme chemchemi hupokea watu 100 kila Jumapili ya kiangazi. Watu 60 wanatoka mjini kwa bodaboda, kila mmoja akilipa shilingi 6,000 kwenda na kurudi. Hizo ni shilingi 360,000. Watu 40 wanatembea kutoka kijijini, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Tukiithamini saa moja ya kazi kwa shilingi 1,000, tunaongeza 40,000. Kwa Jumapili 20 tunafikia shilingi 8,000,000. Hapo hatujamgusa mama muuza mihogo, wala fundi wa pikipiki, wala ile faida ya waliotoka karibu. Fedha hizi hazimo katika kitabu chochote cha halmashauri, ingawa watu wamekwisha kuzitoa.

Hata hivyo, mtu wa Nachingwea akiisoma barua ya Hotelling anapaswa kushtuka kidogo. Kwa mchumi yule, mwendo mrefu ni ushahidi wa thamani. Kwa mama yangu, mwendo mrefu ulikuwa mateso. Aliteremka bondeni alfajiri na debe kichwani kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Tukiichukua njia yake na kuiita "utayari wa kulipa" tutakuwa tumeugeuza mzigo wa mwanamke kuwa raha, na hakuna dhuluma ya kitaaluma inayozidi hiyo. Serikali ya uhuru ililielewa jambo hili. Mwaka 1971 ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, lengo likiwa kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliyashikilia maono hayo: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250, umbali usiozidi mita 400. Vipimo hivyo ni vya haki, na ni aibu kwamba hadi leo havijafikiwa kila mahali.

Lakini ndani ya vipimo hivyo kuna dhana iliyojificha, kwamba haja ya mtu kwa chemchemi inakwisha pale ndoo inapojaa. Katika miaka ya 1970 watu wengi wa kusini walihamishiwa vijijini kando ya barabara. Huku kwetu, jirani na vita vya ukombozi wa Msumbiji, uhamishaji ulianza mapema kuliko kwingi. Chemchemi zilibaki mabondeni. Baadaye mradi wa maji wa Mtwara na Lindi, kwa msaada wa Finland, ulileta visima vifupi na pampu za mkono. Yetu ilifika nilipokuwa darasa la tatu. Mama alicheka siku ile kama msichana. Tangu hapo hakuteremka tena na debe.

Ila aliteremka. Na hapa ndipo hoja yangu yote ilipo. Jumapili mchana, baada ya kazi, aliteremka mikono mitupu na wanawake wenzake, wakaketi penye kivuli, miguu majini, wakisukana. Vijana waliteremka kuogelea. Wari waliendelea kuletwa kuogeshwa. Wazee waliokuwa na ugomvi wa mipaka waliitana kule kwa sababu, walisema, ni vigumu kufoka karibu na maji yanayotiririka. Pampu ilikuwa mita mia mbili kutoka nyumbani kwetu, lakini njia ya chemchemi haikuota majani.

Basi tukitaka kupima thamani ya mapumziko katika nchi kama yetu, tusianze na wale waliokwenda kwa kukosa. Tuwahesabu wanaoendelea kwenda baada ya bomba kufika. Hao hawafukuzwi na kiu, wamechagua. Hatua zao ndizo Hotelling alizokuwa akizitafuta, na zinatokea palepale ambapo mpango wa maji hufunga daftari lake na kuandika kwamba kazi imekamilika.

Mifano ya chemchemi zilizoandikwa katika vitabu vyote viwili ipo jirani. Kule Hai, Kilimanjaro, chemchemi ya Chemka, ambayo wengi huiita maji moto ingawa maji yake ni ya uvuguvugu tu, imekuwa mahali ambapo watu wa Moshi na wageni wa ng'ambo huogelea katika maji maangavu chini ya mikuyu. Sasa pana kiingilio, wapishi na waendesha bodaboda. Nchini Kenya, chemchemi za Mzima ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi hupokea maji yaliyochujwa na miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu. Tangu miaka ya 1950 bomba linayapeleka Mombasa. Papo hapo Mzima wageni hushuka katika chumba chenye madirisha chini ya maji kutazama samaki na, wakibahatika, viboko. Jicho lilelile la maji linanywesha mji na kupokea wageni. Lakini Mzima inatufundisha pia onyo: wananchi wa Taita Taveta wamelalamika miaka mingi kwamba maji yanapita kwao na faida inakwenda kwingine. Thamani ikishajulikana, huwavuta pia wenye kufuli.

Mhandisi wa maji ataniambia kwamba kuoga kunachafua chanzo, na kwamba kichocho si hadithi mkoani Lindi. Ana haki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za chanzo, na sitetei sabuni wala mashamba ya ufuta yanayolimwa hadi kwenye jicho la maji. Lakini kati ya kuharibu na kufungia watu nje kuna nafasi pana. Maji ya kunywa yachukuliwe kwenye jicho, palindwe barabara. Mkondo wa chini uachwe utiririke, ufukwe wake uwe wa watu, choo kijengwe mbali, na mganga wa zahanati apime maji. Halmashauri za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982. Bodi ya maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini ndiyo yenye kutoa vibali vya kutumia maji. Kabla ya kibali kutoka, swali moja tu liongezwe: ni nani huja hapa Jumapili?

Ndugu watumishi wa umma, kuwahesabu watu hao kunahitaji karani mmoja, daftari moja na Jumapili chache za kiangazi. Ndugu wanafunzi mnaotafuta mada za tasnifu, njia ziko wazi. Nanyi wanaharakati, msingoje senyenge ndipo mseme. Chemchemi isiyo na watu katika maandishi ni rahisi sana kupewa mtu mwingine.

Siku ya kuondoka nilipita tena bondeni. Mlinzi alikuwa palepale. Vijana nao walikuwa wamerudi, wameketi nje ya uzio, juu ya mawe makavu. Nilimuuliza mzee kama huja kila siku, naye anajua kwamba lango halitafunguliwa.

"Kila Jumapili," alisema. "Na mimi nikitoka zamu, hukaa nao."