Michezo Mipya, Kompyuta Kuukuu: Taarikhi ya Arua na Koboko

Atakaye kujua taarikhi ya michezo ya kompyuta katika West Nile, jimbo la kaskazini-magharibi mwa Uganda iliko miji ya Arua na Koboko, hana budi kuanza na vita, kisha umeme, ndipo aifikie kompyuta yenyewe. Mwaka 1982, kompyuta ndogo ya Spectrum ilipokuwa ikiingia majumbani Uingereza na watoto wakikesha wakiichezea, jamii kubwa ya watu wa Arua na Koboko walikuwa ukimbizini Zaire na Sudan, kwa sababu ya vita na kisasi vilivyofuata kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979. Na waliporejea walianza na paa la nyumba, si na anasa.

Umeme nao ulichelewa. Mwaka 2003 kampuni ya WENRECO ilipewa idhini ya kuuza umeme katika jimbo hili, ambalo waya za taifa zilikuwa hazijalifikia. Na ilipofika mwaka 2012 maporomoko ya Nyagak, karibu na Paidha, yakaanza kutoa megawati 3.5, kadiri ambayo ukiigawa baina ya miji yote ni akali mno. Kwa hiyo mwenye kompyuta alikuwa na hesabu mbili, ya bei na ya jenereta, na zote zilimwelekeza kwenye kompyuta kuukuu iliyokwisha kutumika ofisini ng'ambo. Hata mwaka 2009 serikali ilipotangaza kuzizuia bidhaa za namna hiyo zisiingizwe nchini, zilizokwisha kuingia ziliendelea kufanya kazi.

Sasa, ili tuone kompyuta hizo zilivyoikabili michezo mipya, tuutazame mchezo wa magari uitwao Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa kwa kompyuta mwaka 2005. Ulitaka prosesa ya gigahezi 1, memori ya megabaiti 256, na kadi ya michoro yenye megabaiti 64 zake peke yake. Kompyuta ya ofisini aghalabu ilikuwa na prosesa ya kutosha, lakini haikuwa na kadi hiyo: michoro yake ilikopa memori ile ile iliyohitajiwa na kazi nyingine, na hapo ndipo mchezo ulipokwama. Tadbiri za fundi ni kuongeza memori, kufunga kila programu isiyohitajiwa, kuondoa vivuli, na kuishusha picha hadi nukta 640 kwa 480, ambapo uso wa mtu huwa kama tofali, lakini gari hukimbia. Mchezo ukikataa kabisa kufunguka, iko programu iitwayo SwiftShader, ambayo huifanya prosesa itende kazi ya kadi isiyokuwapo. Ni hila nzuri, ingawa mwendo wake ni wa kobe. Na katika nchi ya vumbi, tadbiri iliyo bora kuliko zote, kwa rai yangu, ni kuisafisha feni, kwani prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe, na mchezaji akadhani kosa ni la mchezo.

Mwaka 2024 West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa, na udhuru wa umeme umepungua. Lakini San Andreas ile ile, ilipotolewa upya mwaka 2021, ilitaka memori ya gigabaiti 8, yaani mara 32 ya ile ya awali. Basi fundi wa kompyuta kuukuu, awe Arua au Koboko, hajakosa kazi.